Mfuko Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Julai 1983

Ufunguo ninao! Mwalimu Januari hana. Naandika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Watafiti wa Chuo Kikuu wamefika hapa Bulagwa. Landrova moja, mahema mawili, masanduku ya chupa. Kiongozi wao ni mwanamke, Daktari Epifania, mfupi, mwendo wake wa haraka mpaka mwenyekiti wa kijiji alikuwa akimkimbilia nyuma kofia mkononi. Wanataka udongo wa vichuguu vya milima yetu. Ndiyo, vichuguu! Alitueleza mkutanoni kwamba mchwa hushuka chini sana kutafuta maji, na hupandisha juu udongo wa huko. Anayetaka kujua kilichoko chini amuulize mchwa. Mkoa unasubiri ripoti yake: wapi pana dhahabu, wapi pachimbwe kisima kirefu, barabara ipite wapi. Wazee wakaitikia vizuri. Kisha wakapanga mstari kuomba dawa ya mgongo, maana ni daktari. Akasema yeye ni daktari wa mawe. Hakuna aliyetoka kwenye mstari.

Mifuko arobaini ya kitambaa cha amerikani, waliyoijaza milimani kabla ya kushuka kijijini, kila mmoja na namba yake, itakaa katika ghala la pamba. Ufunguo ashike nani? Januari anafundisha sayansi darasa la saba, macho yote yakamwendea yeye. Nikasimama. Nikasema kwa masikitiko kwamba mwalimu wetu ana pumu, vumbi la udongo litamuua, na watoto watabaki yatima. Januari akafungua kinywa kukanusha. Kwa hasira akapaliwa, akakohoa dakika nzima. Nimepewa mimi!

Nilimwambia pia Mama Daktari kwamba nimemaliza kidato cha nne. Niliishia la saba, lakini sekondari nimepita mbele yake mara nyingi. Ameahidi barua: mifuko ikitoka salama, nitapendekezwa kuwa mtunza stoo Shinyanga mjini. Nyumba mtaa wa Kambarage, ya bati! Mimi, Telesphori wa Kambarage.

Jambo moja tu silielewi. Kamanda Nkwabi wa sungusungu alisimama na mishale yake, akasema udongo huu ni mali ya Taifa, na mwaka huu wahujumu uchumi hawachekewi. Alikuwa akinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Jumanne, 5 Julai

Mama mkwe amefika kutoka Didia, juu ya lori la pamba, kuja kumpokea mjukuu. Melania yuko mwezi wa nane. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Hii ndiyo ya kwanza kufika huku, na mimi naogopa hata kuisifu. Kwa hiyo nashukuru mama yake amekuja.

Lakini nyumba ina vyumba viwili! Kwa desturi yetu mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, hatuli pamoja, hatusemezani ila kwa kupitia mtu. Jina lake silitaji, hata kwenye daftari hili. Alipoingia uani nikajitupa nyuma ya kihenge cha mahindi, nikalala kifudifudi, kuku wakanipanda mgongoni. Aliuliza yule ni nani aliyeanguka. Melania akamwambia ndiye mkweo. Akasema ana heshima sana.

Nimehamia jikoni na mkeka wangu. Huko ndiko nilikokumbuka: ufunguo wa ghala nimeutundika msumarini, chumba cha ndani, juu ya kitanda anacholalia yeye. Niliuficha huko ili Januari asiuone. Sasa mimi mwenyewe siwezi kuingia. Nikajituliza kwamba ulinzi mzuri zaidi ya huo haupo.

Jumatano, 6 Julai

Yesu na Maria!

Melania aliniletea ufunguo, nikaenda kukagua. Mifuko thelathini na tisa imesimama. Namba 17 umelala. Nikaunyanyua: mwepesi. Ndani limebaki vumbi la kujaza kisoda. Nilitaka kusema ni panya, lakini panya hafungi kamba tena baada ya kula.

Nikarudi nyumbani mbio. Melania kakaa mkekani, anatafuna. Midomo myekundu ya udongo. Nilimwuliza kwa sauti ndogo ametoa wapi. Akasema mwezi mzima ameniomba udongo wa kichuguu cha mlimani, na mwezi mzima nimemjibu kesho. Mama yake amefika jana, leo amekula.

Ni kweli. Kila mwanamke mwenye mimba hapa kwetu hutamani udongo, na wa kijijini wanasema umechuja, wa mlimani ndio unaonukia mvua. Nilisema kesho. Mlima ni mrefu na magoti yangu nayajua. Kumbe mama mkwe alisikia kwamba ghala limejaa vichuguu, akatungua ufunguo, akafungua, akaonja mfuko mmoja mmoja, akachagua ulio bora. Wote kaufunga kwenye kanga na kuuficha, anampimia binti yake asubuhi na jioni. Hakujificha hata kidogo. Alisema udongo ni wa Mungu.

Nilimsihi Melania aurudishe. Akacheka. Akasema hajui mama kauficha wapi, na hata angejua asingenipa, kwa kuwa mimi ni mtu wa kesho.

Nimekaa jikoni, mlango nimeufunga. Mali ya Taifa iko tumboni mwa mke wangu.

Alhamisi, 7 Julai. Saba Saba

Watu wote uwanjani, ngoma inasikika mpaka huku. Mimi nilisema naumwa. Saa saba mchana nikachukua jembe, nikaenda kwenye kichuguu kilichoko nyuma ya choo changu. Nikachimba, nikaponda, nikachekecha kwa chekeche la unga, nikajaza mfuko. Kamba nikaifunga vilevile. Namba 17 amesimama na wenzake! Ukimtazama huwezi kumjua.

Januari alipita, akaniuliza ninalima nini nyuma ya choo siku ya sikukuu. Nikamjibu kwamba leo ni sikukuu ya wakulima, mimi naiadhimisha kwa vitendo. Akaondoka akigeuka geuka.

Nimeshinda.

Jumapili, 10 Julai

Sijui nianzie wapi. Leo sitanii.

Baada ya misa Mama Daktari alituita hemani kuonyesha sayansi. Chupa, tindikali, vipande vya zinki, na karatasi nyeupe mdomoni mwa chupa. Akaweka udongo aliouchimba jana ng'ambo ya korongo. Karatasi ikageuka njano, kisha kahawia. Watu wakapiga makofi. Akasema hiyo ni aseniki, na aseniki hutembea na dhahabu, ukimwona mmoja mtafute mwenzake. Kwa hiyo ni habari njema kwa Mkoa. Lakini, akasema, ni sumu. Mahali penye hiyo kisichimbwe kisima. Ndiyo dawa iliyokuwa ikitiwa katika josho la ng'ombe zamani.

Josho! Mimi nilikuwepo siku ndama wa Mzee Makoye alipokunywa maji ya josho. Niliona alivyokufa.

Niliuliza, kwa kujikaza, kama mtu anaweza kuipata kwa kugusa udongo. Akasema kwa kugusa siyo hatari sana. Kwa kula ndiyo, hasa kwa mama mwenye mimba, lakini nani atakula udongo? Wanawake wote wakatazama chini.

Ghala bado halijapimwa. Kesho anaanza. Nilitoka pale nikifurahi kwa dakika moja: kesho nitajua kama namba 17 ni sumu au si sumu! Nilipofika kwenye mbuyu wa soko nikasimama ghafla. Namba 17 iliyoko ghalani ni ya nyuma ya choo. Namba 17 ya kweli imo tumboni mwa Melania. Nimejifungia mwenyewe mlango wa kujua.

Nilimwambia Melania asile tena. Akauliza kwa nini. Ningemwambiaje? Mimba mbili zimetoka, nimtie na hofu ya tatu? Nikasema udongo unaleta minyoo. Akasema nimeanza tena ubahili wangu, akaenda kwa mama yake kupimiwa wa jioni.

Jumatatu, 11 Julai

Zimepimwa. Namba 15 kahawia. Namba 16 kahawia iliyoiva. Namba 18 nyeusi kabisa, wasaidizi wakaitana kuja kuona. Namba 17, nyeupe! Nyeupe kama shuka ya altareni.

Mama Daktari alipima mara tatu. Akasema ni maajabu, katikati ya sumu pana doa safi, huenda kuna mkondo wa maji unaopita chini. Akachora duara jekundu kwenye ramani. Kisima cha Bulagwa kitachimbwa pale. Mwenyekiti akanikumbatia, sijui kwa nini mimi. Akasema kijiji kizima kitakunywa.

Kijiji kizima!

Sikula kutwa. Nikimtazama Melania natafuta dalili: akikohoa naruka, akilala naenda kusikiliza kama anapumua. Amesema nimekuwa mume mzuri siku hizi. Nililia nyuma ya kihenge.

Jumanne, 12 Julai

Mpango. Nipate kipande cha udongo wa kweli, kipimwe, nijue moja. Udongo uko kwa mama mkwe. Mama mkwe sisemezani naye. Melania hajui ulikofichwa, na anachopimiwa hukitafuna chote pale pale. Anayeweza kumwomba mama mkwe jambo akamsikiliza ni mtoto wa kaka yake, na mtoto wa kaka yake katika kijiji hiki ni mmoja tu. Mwalimu Januari.

Nilikwenda. Nikasimama mlangoni kwake mpaka aniambie karibu, akachelewa makusudi. Nikasema nahitaji kipande cha udongo alichonacho shangazi yake, nisiulizwe cha nini. Akaniuliza cha nini. Akataka kwanza nitamke, mbele ya mkewe, kwamba hana pumu. Nikatamka. Akataka niseme kwa sauti. Nikasema kwa sauti. Akasema sasa nikohoe mimi. Nikakohoa.

Alirudi na bonge dogo ndani ya jani la mgomba. Mama mkwe kamwuliza kama mkwewe naye ana mimba.

Jumatano, 13 Julai

Asubuhi nilimpelekea Mama Daktari bonge, nikasema limetoka shambani kwangu. Akalitia chupani. Nikasali Salamu Maria kumi. Karatasi ikakaa nyeupe, ikakaa, ikakaa. Nikaanza kushukuru. Kisha katikati ikatokea njano, ikaenea, ikawa kahawia.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nikasema yote: choo, chekeche, Saba Saba, kidato cha nne. Nilisema Melania anakula huo asubuhi na jioni tangu Jumatano, na kwamba Mama Daktari akitaka kunifunga anifunge, lakini kwanza aniambie kama mtoto atapona.

Hakunitukana. Aliuliza ni siku ngapi, na kiasi gani. Kisha akamwita dereva wake Selestine kwa sauti iliyoamsha mbwa wote. Akasema yeye ni daktari wa mawe, twende kwa daktari wa watu.

Melania alipakiwa nyuma, mama yake pembeni yake. Mimi sikuweza kuingia. Desturi ni desturi! Nikapanda juu ya Landrova, kwenye kichanja, nikakumbatia tairi la akiba. Maili ishirini za makorongo. Tulipovuka la pili nikamsikia Melania akipiga kelele. Nikainama, nikatumbukiza kichwa dirishani, juu chini, na hapo nikakutana macho kwa macho na mama mkwe. Miaka sita ya ndoa sijawahi kuyaona. Ana macho ya Melania. Na yalikuwa yanaogopa kama yangu.

Nikafumba yangu upesi. Nikamsikia akisema, kwangu, bila kupitia mtu: "Baba, acha aibu. Ingia umshike mwenzio mkono."

Nikaingia. Nikamshika.

Ijumaa, 15 Julai

Hospitali ya misheni. Tumekaa siku mbili kwenye benchi, mimi mwisho huu, mama mkwe mwisho ule, tumepeana migongo. Manesi wanadhani tumegombana.

Melania hajui nilichofanya. Hapana, anajua. Mama Daktari alimweleza. Amesema hataki kuniona mpaka aniite. Alikuwa sahihi kuniita mtu wa kesho. Ningepanda mlima mara moja tu, nikamletea udongo wa mahali pengine, tusingekuwa hapa. Naogopa kila mlango unapofunguliwa.

Jumamosi, 16 Julai

Msichana!

Amezaliwa alfajiri, kabla ya wakati, mdogo, kelele zake kubwa. Sista alisema udongo ulioliwa ulikuwa kidogo na uliachwa mapema, mama na mtoto wataangaliwa wiki nzima, lakini asisikie tena habari ya kichuguu. Niliitwa. Melania akanipa mtoto.

Nilimwomba Mama Daktari jina lake limpate mtoto. Akasema mtoto apewe, lakini barua ya Shinyanga nisahau.

Jumamosi, 23 Julai

Melania karudi jana, mzima, mtoto mzima. Leo kesi.

Sungusungu walikaa uwanjani, mishale imechomekwa ardhini. Nilijiandaa kujitetea, nilikuwa na hotuba. Lakini shahidi wa kwanza alikuwa mama mkwe. Hatuwezi kukaa baraza moja! Na yeye ni mgeni na mkubwa, hafukuzwi. Kwa hiyo nikatolewa mimi kwenye kesi yangu mwenyewe. Nilikaa nyuma ya shule kwa muda wa saa mbili, nikisikia watu wakicheka.

Hukumu nimeletewa na Januari, akitabasamu. Shangazi yake amesema kosa ni lake, akatoa kuku. Kamanda Nkwabi akapokea kuku, akasema mwenye ufunguo ndiye mwenye kosa. Ufunguo apewe Januari. Mimi nitoe mbuzi wa kuondoa aibu ya kutazamana na mkwe garini. Na vichuguu vyote arobaini nivichimbe upya, mimi, kwa jembe langu, Selestine akisimamia.

Alhamisi, 28 Julai

Siku tano nimechimba. Magoti yamekufa. Namba 17 imepimwa upya: nyeusi. Mama Daktari amefuta duara lake jekundu, akachora jingine upande wa namba 31, udongo safi, maji yapo. Ila chini ni mwamba. Watu watakunywa maji mema. Alinishukuru kwa kuchimba vizuri, akanipa mkono, wakaondoka na ripoti ya Mkoa. Nilipunga mpaka vumbi likatulia.

Nimeapa mbele ya picha ya Bikira Maria. Sitatunza tena kitu cha mtu.

Jumapili, 31 Julai

Leo baada ya misa fundi wa visima kutoka wilayani amekuja na sanduku la baruti za kupasulia mwamba. Kazi itaanza wiki ijayo, anataka mtu wa kulitunza. Mwenyekiti akamtazama Januari. Januari akasema ghalani mna pamba, yeye hawezi. Wengine wakaanza kuaga. Hata Kamanda Nkwabi alikuwa akikagua manyoya ya mishale yake.

Januari ameshindwa mbele ya watu! Nikajikuta nimesimama. Nikasema baruti nimezizoea tangu utoto. Fundi akauliza kama nina mahali pakavu, mbali na moto. Nikasema kipo chumba maalumu.

Pakavu kuliko pote ni chini ya kitanda, chumba cha ndani. Mimi siingii huko, mama mkwe bado yupo, kwa hiyo nimempa Melania sanduku mlangoni alisukume mwenyewe. Akauliza ni nini, lina uzito. Nilitaka kusema kweli. Nikaona nitamtisha bure, mzazi wa wiki mbili.

Nimesema ni sabuni. Sabuni haijaonekana dukani tangu Pasaka. Amefurahi kweli, amekwenda kumwambia mama yake, maana nepi za mtoto zimelundikana. Kutoka hapa jikoni nasikia wanatafuta kitu cha kung'olea misumari ya sanduku, na mama mkwe ameniagizia, kwa kupitia kwa Melania, niwashe moto wa maji.